Tuo la Ndege

Ndege ndogo ikiondoka Bunia asubuhi, abiria wake wanaiita ndege. Ikifika Dungu, waliokuja kuipokea wanaiita mpepo. Chombo ni kilekile na rubani ni yuleyule. Kilichobadilika ni lugha ya watu walio chini. Ukishavuka Aru ukaelekea Faradje na bonde la Uele, Kiswahili kinapungua na Lingala inashika, nayo Lingala iliipa mashine hii jina la upepo pale sisi tulipoipa jina la kiumbe mwenye mabawa.

Nayapima maneno haya nikiwa upande wa Fataki, katika teritwari ya Djugu. (Msomaji wa pwani, ambaye kwake fataki ni baruti ya sherehe, aelewe kwamba hapa ni jina la mji wenye parokia, hospitali na soko.) Tangu vita viliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, barabara ya Bunia kwenda Mahagi imekuwa njia ambayo mtu huianza kwa dua. Hapo ndipo ndege ndogo zinapopata uzito wake: za MAF, shirika la marubani wa makanisa linalohudumia mashariki mwa Kongo kutoka Bunia na Nyankunde, na za UNHAS, zinazosimamiwa na PAM, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Watu wanaokitegemea chombo kwa kiasi hicho wanastahili maneno yaliyonyooka ya kukitaja. Istilahi zetu za anga nyingi zilikuja na bahari, na nyingine zilitungwa ofisini kwa ajili ya viwanja vikubwa. Za ndege inayotua majanini bado hazijatimia, na hapo Ituri ina cha kutoa.

Tuanze na ndege. Kiswahili kilikuwa na nafasi ya kukopa, na eropleni imo kamusini mpaka leo, lakini haikuota mizizi. Tulichukua jina la kiumbe tukabadilisha upatanisho tu: ndege yule ameruka, huyo ni kiumbe, ndege ile imeruka, hiyo ni mashine. Ndege wa, ndege ya. Irabu na konsonanti chache zinabeba tofauti yote kati ya chenye uhai na kisicho nao. Sijui kama mtungaji yeyote wa istilahi angeweza kuketi mezani akabuni jambo la kubana maneno kama hilo.

Huku Ituri tofauti hiyo hutuponyoka. Tunasema mbuzi yangu, kuku yake, ndege yetu, upatanisho mmoja kwa wote. Wapo wanaouita upotovu. Mimi nauona kuwa lahaja yenye kanuni zake, na mazungumzo ya sokoni hayahitaji askari. Lakini katika habari za redio, katika ripoti na katika vitabu vya shule, neno hili tulilinde kwa upatanisho wa sanifu, kwa sababu hapa upatanisho unafanya kazi ambayo bila huo ingetulazimu kuongeza neno zima.

Ipo maana ya tatu ambayo imesahauliwa. Kwa wazee wa pwani, ndege ilikuwa pia dalili anayokutana nayo msafiri kabla ya kutoka: ndege njema, ndege mbaya. Kamusi kongwe bado zinaihifadhi. Huku kwetu, tukiagana na msafiri uwanjani, tunamwambia bon vol, na katika Kifaransa chenyewe neno hilo vol hubeba pia maana ya wizi. Kwa nini tusimwambie ndege njema? Atakayeisikia kama dalili ataridhika, na atakayeisikia kama mashine nzima isiyo na hitilafu ataridhika vilevile. Ni salamu iliyokuwa ikingoja uwanja wa ndege uzaliwe.

Mpepo nao ni ndugu wa damu wa upepo wetu, na simdharau. Lingala ilikitazama kile kinachobeba, sisi tukakitazama kile kinachobebwa. Shida ni kwa sikio la Mswahili wa pwani, ambaye pepo kwake ni jini. Mwambie kwamba mgonjwa amepanda mpepo kwenda Bunia, naye atadhani unataka kusema kwamba mgonjwa amepandwa na pepo. Mpaka huu wa lugha uheshimiwe: kaskazini mpepo ni sahihi kabisa, na mtafsiri wa matangazo ya ndege kutoka Kiswahili kwenda Lingala aujue udugu na hatari yake.

Rubani. Waarabu walimwita hivyo mkuu wa chombo baharini, na pwani neno likamfaa hasa yule ajuaye miamba na mikondo, anayekiongoza chombo kuingia bandari ngumu. Nahodha, kutoka Kiajemi, ndiye bwana wa chombo. Angani tulimchukua rubani tukamwacha nahodha, na kwa ndege ndogo za kaskazini ni chaguo lisilo na dosari. Anayeshuka kati ya vilima, akisoma mwelekeo wa upepo kwa moshi wa jikoni za watu, anafanya kazi ileile ya kupenya miamba. Wengi wetu husema piloti, na neno hilo pia lilizaliwa kwenye usukani wa meli huko Ulaya, kwa hiyo ugomvi kati ya mawili haya ni ugomvi wa mabaharia. Mimi nashikilia rubani, kwa ajili ya ile maana ya kuongoza.

Abiria na nauli nayo yamelowa maji ya chumvi. Abiria anatoka katika kitenzi cha Kiarabu cha kuvuka, na kuabiri kulikuwa kusafiri kwa chombo. Nauli ni malipo ya merikebu, neno ambalo Waarabu walilipata kwa Wayunani. Mkulima wa Djugu ambaye hajawahi kuiona bahari analipa nauli na kuwa abiria, na Kiswahili hakioni ajabu.

Wala hapa Kongo bahari haiko mbali na anga kama tunavyodhani. Ndege za kwanza za abiria nchini zilikuwa za majini. Mwaka 1920 laini iliyopewa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji ilianza kuruka kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa kuufuata mto, na mwaka uliofuata ikafika Stanleyville, Kisangani ya leo. Zilikuwa zikitua juu ya maji, kando ya mitumbwi. Aliyezipanda angeweza kusema nauli, abiria na bandari bila kubadilisha maana ya neno hata moja.

Malipo mengine hayana jina lililo letu. Anayeruka kutoka uwanja wa Kongo hulipa Go-Pass, kwa ajili ya kuendeleza viwanja. Nchi inayotumia Kifaransa ofisini iliyaita malipo haya kwa jina la Kiingereza, na sisi wenye Kiswahili tukalimeza. Tunalo neno ushuru. Mzizi wake ni sehemu ya kumi, na kwa karne nyingi limekuwa jina la kinachotozwa mtu anapopita mahali. Ushuru wa uwanja: kila mtu ataelewa analipa nini, na ataweza kuuliza umetumikaje. Jina linaloeleweka humpa mlipaji ujasiri wa kuuliza.

Sasa mizani. Kabla ya kupanda ndege ya injini moja unapimwa. Begi kwanza, halafu wewe mwenyewe na kikapu chako cha mkononi. Mama aliyembeba mtoto mgongoni anapanda kwenye mizani na mtoto wake, mshale unatikisika kidogo, na karani anaandika tarakimu moja kwa watu wawili. Kisha rubani anaitazama karatasi, anawaita watu kwa majina na kuwapangia viti: wewe mbele, wewe nyuma, magunia katikati.

Kwa jambo hilo lote tunasema kilo tu: una kilo ngapi, kilo zimezidi. Lakini rubani anauliza maswali mawili, na Kiswahili kina jibu kwa kila moja. La kwanza ni uzito, jumla ya vyote. La pili ni urari, jinsi jumla hiyo ilivyogawanywa mbele na nyuma. Mpenzi wa mashairi ataipata tofauti hiyo papo hapo, kwa kuwa mstari wa mizani 16 uliokatwa 10 kwa 6 badala ya nane kwa nane umetimiza hesabu na bado hauimbiki. Ndege nayo yaweza kuwa na uzito halali na urari mbovu, ikashindwa kunyanyua pua au kuishusha. Neno urari tumewaachia wanauchumi na mizania zao. Tulirudishe uwanjani, ili karani aweze kumweleza mzee kwa nini anahamishwa kiti: siyo kilo zako, mzee wangu, ni urari wa ndege.

Nafika kwenye kitenzi ninachokipenda kuliko vyote: kutua. Mwanamke aliyetoka shambani anatua mzigo. Jua linatua. Kunguru anatua juu ya paa. Zamani misafara ya wapagazi ilitua jioni, na mahali ilipotua palikuwa na maji na kuni. Katika matumizi yote hayo kuna uzito uliobebwa kutoka mbali na sasa umekabidhiwa ardhi taratibu. Huku kwetu watu wengi husema ndege imeshuka. Kushuka kunaeleza upande tu, na jiwe nalo linashuka. Ndege iliyofika salama imetua, na neno hilo linatosha kuwa taarifa kamili.

Lakini imetua wapi? Hapa ndipo lugha inapotuacha mikono mitupu. Murongo, pale Bunia, penye lami, mnara na maofisa wa RVA, mamlaka ya viwanja vya ndege ya Kongo, ni uwanja wa ndege. Kilimanjaro, panapotua madege makubwa ya Ulaya, ni uwanja wa ndege. Na ule ukanda wa majani pembeni ya misheni, wenye mteremko upande mmoja, mawe yaliyopakwa chokaa ukingoni na mbuzi wanaofukuzwa injini inaposikika, nao pia tunauita uwanja wa ndege. Mtu wa Nairobi akiambiwa kwamba kijiji kina uwanja wa ndege anajenga akilini picha ya jengo lenye vioo, kisha anashangaa kwa nini dawa zilichelewa baada ya mvua.

Waliojaribu kutenganisha walisema kiwanja. Kwa udogo inafaa, lakini kiwanja kimeshachukuliwa na wauza ardhi na wacheza mpira. Wengine husema njia ya kurukia, na hiyo inataja kuondoka peke yake na kusahau kurudi. Tena ni sehemu tu ya uwanja. Kifaransa cha Kongo kilitumia plaine, yaani uwanda, neno lenye ukweli wake kule kwenye tambarare za Uele na lisilo na ukweli kabisa katika vilima vya Rethy.

Jina lipo, nalo lina umri mkubwa kuliko ndege zenyewe. Ni tuo. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Johnson, ya 1939, inalo: mahali pa kutulia mizigo, pa kupumzikia wasafiri, kambi ya njiani. Wingi wake ni matuo. Kituo, ndugu yake mdogo, kimejaa kazi nyingine, cha afya, cha polisi, cha kupigia kura, hata kituo cha ndege kingesikika kama ofisi. Tuo lenyewe limekaa bila kazi tangu misafara ya miguu ilipokwisha. Napendekeza tulipe kazi yake ya zamani kwa chombo kipya: tuo la ndege, au tuo tu kwa wanaojuana. Uwanja wa Bunia, tuo la Rethy, tuo la Boga. Matuo ya kaskazini. Ndege iko tuoni. Tuo limefyekwa jana. Tuo limelowa, msije leo.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kipimo changu. Istilahi nzuri sharti iweze kusemwa na mtu mwenye simu yenye mawasiliano mabovu, huku mvua inanyesha, na upande wa pili ukaelewa mara moja. Uwanja wa ndege umelowa si mbaya. Tuo limelowa ni fupi zaidi, na linamwambia rubani papo hapo kwamba ni udongo na majani, na magurudumu yatazama.

Tuo lina mtu wake. Ndiye anayefyeka majani, anayefukuza ng'ombe, anayekwenda na mti mkononi kupima kina cha matope na kutoa taarifa. Tunamwita sentineli, kana kwamba kazi yake ni bunduki na usiku. Kiswahili cha zamani kilikuwa na mngoja: mngoja mlango alikuwa yule akaaye langoni, na katika neno moja alilinda na alisubiri. Hakuna kazi inayolistahili kuliko hii. Mngoja tuo analinda ardhi na anasubiri anga. Ningependa kuliona jina hilo kwenye kitambulisho chake.

Je, ndege zenyewe tuziite nini kwa jumla? Kutoka Kifaransa tumepata ndege za porini. Nalikataa neno hilo kwa moyo wote. Pori ni mahali pasipo watu. Fataki si pori, Rethy si pori, Faradje si pori. Ni miji yenye shule, masoko, makaburi ya mababu na foleni ya wagonjwa. Aliyewaita watu wa porini aliwatazama kutoka juu, dirishani. Tukishakubali tuo, jibu limepatikana: ndege za matuo. Linawataja kwa kile walichokijenga, ule ukanda walioulima kwa majembe yao na wanaoufyeka kila mvua zikiisha.

Wanasiasa nao wana enclavé, na kila mgombea huahidi désenclavement. Ndani ya neno hilo la Kifaransa mna ufunguo: ni mahali palipofungwa kwa kufuli. Redio hulitafsiri kuwa maeneo yaliyotengwa, na kutengwa ni tendo la mtu dhidi ya mtu, kama walivyotengwa wakoma wa zamani. Maeneo yasiyofikika ndiyo tafsiri mbaya kuliko zote, kwani wanafika watu kila wiki, kwa miguu, kwa pikipiki, kwa ndege hizohizo. Mimi ningesema mahali palipofungwa njia. Linataja kilichofungwa, ambacho ni njia, na linaacha wazi swali la nani ameifunga: mvua, daraja lililovunjika au mwenye silaha.

Kampuni au shirika? Tanzania na Kenya husema shirika la ndege kwa wote, hata kwa wenye kutafuta faida, na mazoea hayo ni ya tangu enzi za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililodumu kutoka 1946 hadi 1977. Sisi husema kompani kwa wote. Shirika mzizi wake ni kushirikiana. Ningeliweka kwa ndege ambazo makanisa, hospitali na wafadhili hugawana gharama zake, na kampuni ningeiacha kwa wenye biashara, bila kumdharau yeyote. Msomaji atakayeona shirika gazetini atajua papo hapo ni ndege ya namna gani.

Koli ni neno dogo ninalolionea huruma. Natuma koli, nimepokea koli. Ni Kifaransa, limezoeleka, na kifurushi cha pwani hakijalishinda. Liendelee. Lakini kuna koli isiyo mzigo wa kawaida: kisanduku cha chanjo chenye barafu, damu ya kupimwa, bahasha ya mitihani, mishahara ya walimu. Mtu anamkabidhi rubani kitu ambacho hakina thamani kikichelewa au kikifunguliwa. Hiyo tuiite amana. Neno lina maana ya kitu ulichopewa ukitunze mpaka kimfikie mwenyewe, na kila mpokeaji wa Kiislamu au wa Kikristo analijua. Andika amana juu ya kisanduku, na anayekibeba ataelewa bila maelezo.

Limebaki neno ambalo ningetamani tusilihitaji. Ajali kwa Kiarabu ni muda uliopangwa wa mtu kuishi, siku ambayo Mungu ameiweka. Ajali haina kinga, walisema wazee, na walikuwa sahihi, kwa kuwa walizungumza juu ya kifo. Baadaye neno likahamia kwenye magari na ndege, na methali ikahama nalo. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo iliyokuwa ikitoka Goma kwenda Beni iliangukia nyumba za watu mara tu baada ya kuruka. Kampuni za ndege zilizoidhinishwa na Kongo zimezuiwa kuingia anga la Umoja wa Ulaya tangu 2006. Mambo kama hayo tukiyaita ajali na kunyamaza, mzizi wa neno unamwachia Mungu kazi ya fundi, ya mkaguzi na ya mwenye ndege.

Basi tugawanye. Ajali ibaki kuwa jina la msiba wenyewe, maana mazishi yanahitaji neno lenye upole. Kilichousababisha kiitwe hitilafu. Mzizi wake ni kutofautiana: kitu kimeachana na jinsi kilivyopaswa kuwa. Hitilafu ya injini, hitilafu ya urari, hitilafu ya tuo. Mwandishi wa habari asifunge taarifa ya ajali kabla ya kuuliza hitilafu ilikuwa wapi. Ajali haina kinga, hitilafu inayo.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya jumuiya hiyo iko Zanzibar. Kwa muda mrefu maneno yamesafiri kutoka upande huo kuja kwetu. Ndugu msomaji, ikiwa unatangaza Radio Okapi au redio yoyote ya Bunia, ikiwa unafundisha, ikiwa wewe ndiwe unayeshika karatasi ya mizani pale Murongo, yajaribu haya mdomoni kwa mwezi mmoja: tuo, mngoja tuo, urari, amana, ndege njema. Litakalokataa kukaa, litupe na utuambie kwa nini. Yatakayokaa tuyaandike, tuyapeleke Zanzibar yakiwa na jina la Ituri juu yake.